Nafasi ya Besi

Mwalimu wetu wa kwaya haogopi risasi. Anachoogopa ni sisi kushuka sauti. Bunduki zikianza kulia, sisi hulala kifudifudi chini ya viti, naye hubaki amesimama na penseli yake iliyotafunwa, akinung'unika kwamba hao nao hawajui kwenda na mdundo. Tangu vita viukate mji vipande viwili, waimbaji wetu wa besi, wanaume wa sauti nzito, wako ng'ambo ya kizuizi, kwa wale tunaoambiwa ni maadui. Zamu yao ya kuimba ikifika, mwalimu hutunyamazisha na kuhesabu mapigo manne, mkono wake ukiwa juu ya kiti kimoja kitupu, kisha tunaendelea. Shangazi yangu aliwahi kujitolea kuliziba hilo pengo. "Na wewe ukisafiri, dada, tumpe mtu kitanda chako?" mwalimu akamuuliza.

Alhamisi iliyopita, madirisha yakiwa wazi, tulinyamaza kama kawaida, na kutoka ng'ambo, kwa mbali, besi ikaitikia. Sote tukamtazama mwalimu. Alitugeuzia mgongo, akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akafuta tena.

"Wamechelewa nusu pigo," alisema. "Turudie, wasije wakazoea."