Semi ama porteur na remorque ku milima ya Luhwindja? Namna tulichagua gari ya mutoto wangu

Wakuu wa magari, jambo yenu wote. Mie ni koko, bibi muzee, wa hapa Bukavu. Masomo niliishia primaire, kwa hiyo makosa ya maandishi muyaruke. Uwongo hamutaupata humu.

Mutoto wangu Mugisho alitaka gari ya kubeba simenti na vyuma mpaka Luhwindja, kule wanachimba zahabu.

Akaniletea picha mu telefone. Semi-remorque: kichwa mbele, kitanda kirefu nyuma, njo remorque yenyewe, kimekalia mugongo wa kichwa.

"Mama, angalia! Safari moja inamaliza kila kitu."

"Itakumaliza na wewe."

Akakasirika. Eti nibaki na sufuria, magari nimuachie.

Lakini ku volant, ku usukani, njo atakuwa yeye, wakuu. Ikianguka, inaanguka na yeye.

Sasa, vijana wengi hawajabeba kipoyi. Ni kitanda cha miti, watu wane wanabeba mugonjwa ku mabega mpaka hospitali. Mie nimebeba sana. Kipoyi kikiwa kirefu, ku kona wa mbele wanapita muzuri, wa nyuma wanakata kona na kuingia mu bonde. Na ku mupando wa mulima uzito unaangukia wa nyuma, wa mbele wanateleza tu mu matope, sawa kichwa cha semi.

Nikamwambia, "Kuja." Tukabeba muti murefu wa mukaratusi, yeye mbele, mie nyuma, tukapanda kanjia ka nyuma ya nyumba.

Akakata kona. Muti ukanisukuma mpaka mu mihogo ya jirani, Maman Furaha.

"Ee koko! Umeingia jeshi?"

"Hapana. Mie ni remorque."

Mugisho akacheka mpaka akaketi chini. Nikamuuliza nikiwa palepale mu mihogo, "Umeona nani ameanguka?"

Akaja kunivuta mukono nitoke.

Basi akachagua porteur, gari yenye kubeba yenyewe, muzigo unakanyaga tairi zenye kuvuta. Nyuma anafunga remorque fupi. Akifika chini ya mulima anaifungua, anapandisha gari, anashusha muzigo, anarudia ule ulibaki. Ni kupanda mara mbili, na mafuta inaenda. Sikatai.

Siku ya safari ya kwanza akaniita nibariki gari. Nazunguka nyuma, nakuta ameandikisha ku remorque na rangi nyekundu, herufi kubwa:

MAMA ALIKATAA.

"Sasa njia yote itajua mambo yetu?"

"Njo maana, Mama. Wakiniuliza semi iko wapi, wasome."

Nikamupiga na kitambaa. Gari ikaondoka. Nikabaki barabarani nikiisoma mpaka ikapotea, juu mie nasoma polepole.

Fundisho langu ni hili: usichague gari ukiwaza barabara nzuri. Waza kona ile mbaya kuliko zote, na mutu mwenye atakuwa ndani.

Nyinyi wenye mulishapandisha semi kule, mukuje museme, hata kama ni kunipinga. Matusi tu sitaki, niko muzee.