Watazamaji wa Upande wa Ndani

Nusu ya mapaa ya Ghubra, hapa Maskati, nimeyapanda mimi. Hilo kila mtu analijua, na asiyelijua nimeshamwambia. Skuli niliacha mapema, walimu wakashukuru nami nikashukuru, na tangu nilipokuwa kijana wa kubeba madishi ya setilaiti kichwani katika vichochoro vya Matrah mpaka leo nna duka lenye vioo na ukuta mzima wa televisheni, sijaandika hata siku moja barua ya kuomba kazi. Barua wanaandika waliosoma. Mimi nilikuwa juu ya ngazi.

Lakini dishi limekufa. Siku hizi kila mtu anatazama kwa intaneti, na vijana wakinipita na ngazi yangu wananiangalia kama muuza mafuta ya taa. Ndipo wakaja Wajapani.

Kampuni yao inawauzia watu tamthilia na katuni kwa intaneti, unalipa kwa mwezi. Kwao huko, nilivoelezwa, kampuni za namna hii zimebanana kama maduka ya dhahabu ya Matrah, zinanyang'anyana watazamaji walewale, na watazamaji wenyewe wanazeeka na watoto hawazaliwi. Wakaona bora watafute macho ya nje. Wakawapa wafanyabiashara kadhaa wa Maskati visanduku vya majaribio, vidogo kama kipande cha sabuni. Unakichomeka nyuma ya televisheni, Wajapani wanasema yao na maandishi ya Kiarabu yanapita chini. Ambaye kisanduku chake kitatazamwa zaidi ndiye atakayepewa uwakala wa Omani nzima.

Uwakala ule niliutaka kama mtu anavotaka maji mwezi wa Julai. Bila ya huo, duka langu lilikuwa linakwenda kuwa chumba cha watu kuja kupoa na kiyoyozi. Isitoshe, nilikwisha kuwatangazia jamaa wote kuwa ni wangu.

Kisanduku nilikipeleka nyumbani, nikakifunga ukumbi wa ndani wanakokaa wanawake, nikarudi dukani, nikasahau.

Kumbe ndani kumeingia harusi. Kulikuwa na tamthilia ya msichana aliyeolewa katika nyumba ya watu wanaotengeneza achari, huko milimani kwao, na mama mkwe wake hamsifu kwa lolote. Hagombi, hapigi kelele. Anaionja achari, anaiweka sahani chini, basi. Mama yangu na mke wangu waliishika tamthilia ile kama dawa. Kila baada ya sala ya alasiri kahawa inatiwa, majirani wanaingia na mabuibui yao, na nyumba inagawika pande mbili. Mama yuko na mama mkwe. Mke wangu yuko na bibi harusi.

"Huyo mtoto hana adabu," mama anasema. "Kakabidhiwa nyumba nzima, anakunja uso."

"Kakabidhiwa pipa la chumvi, mama," mke wangu anajibu. "Na huyo bibi hata 'ahsante' hajui."

N'kwambie kitu ambacho waliosomea mambo ya masoko hawakijui. Miaka yote niliyooa, mama na mke wangu hawakuwahi kuishi kwa amani kama siku zile. Yote waliyokuwa wanataka kuambiana walikuwa wanawaambia Wajapani.

Siku moja simu ikapigwa dukani kutoka kwenye kampuni. Kiingereza changu ni cha kununua na kuuza, hakifiki kwenye maelezo, kwa hiyo simu aliishika fundi wangu, Mkenya, mtu wa kanisa, hodari wa waya na hodari wa kusema. Akasikiliza, akaniangalia.

"Boss, wanasema mashine zao zimeona nyumba moja ya Ghubra inatazama kushinda zile zingine zote zikijumlishwa. Ni yako. Mkubwa wao anataka kuja aone hiyo familia. Sasa anauliza, ni nani hasa hutazama?"

Hapo ndipo pa kunifahamu. Mimi nimelelewa. Mtu wa kwetu haanzi kumueleza mwanamme asiyemjua, tena kwa simu, habari za mkewe na mamake, wanakaa chumba gani, saa ngapi, na wanalia wapi. Hata daktari tunamwambia "nyumbani hawajisikii vizuri," na daktari anaelewa.

"Mwambie natazama mimi," nikasema.

"Wewe, boss? Hata hujui hadithi ni ya nini."

"Mimi na jamaa zangu. Mwambie."

Akamwambia. Nikamsikia mtu wa upande wa pili anafurahi.

Mgeni akaja alasiri moja, mwembamba, suti nyeusi, joto linamla na hasemi. Viatu alivivua akavigeuza pua ziangalie mlango, kama mtu atakayeondoka mbio. Kadi yake alinipa kwa mikono miwili na kichwa chini. Nami nikampa yangu, ambayo ni kubwa zaidi na ina picha yangu.

Majlisi, chumba cha wageni wanaume, nilikwisha kuijaza. Alikuwepo shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mstaafu wa wizara, anayejua kila kitu mpaka umuulize. Walikuwepo wauza vitambaa wawili wa Matrah niliowaahidi biriani. Na alikuwepo mtoto wa ami yangu wa Yiti, kwa wavuvi, aliyekuja kuniletea nguru na nikamzuia asiondoke. Wote kanzu safi, vilemba, udi umefukizwa. Televisheni kubwa kuliko zote dukani nilikuwa nimeihamishia hapo, na fundi kavuta waya kutoka kwenye kisanduku cha ndani, ili picha moja ionekane pande mbili. Maana wanawake walikwisha kusema kuwa aje Mjapani, aje mfalme wao, sehemu ya leo hawaiachi.

Kati yetu na wao palikuwa na mlango wa mbao wa kusukuma.

Mgeni akaomba tutazame kama tunavotazama siku zote, yeye tumsahau. Akatoa kalamu. Wanaume watano wazima tukakaa tukatazama achari.

Sijawahi kuona jambo refu kama lile. Pipa likafunguliwa. Figili ikatolewa. Mama mkwe akaionja. Sahani ikawekwa chini. Shemeji yangu akaanza kuwaeleza wauza vitambaa kuwa hii ni historia ya vita vya zamani. Ndugu yangu wa Yiti alikwisha kulala, kilemba kimeteremka juu ya pua. Khalafu bibi harusi akatoka nje kwenye theluji, akasimama peke yake, na nyuma ya mlango wa mbao kikazuka kilio cha wanawake kumi kwa pamoja.

Mgeni akageuka. Nami, kwa kuwa akili yangu haijapata kunitupa, nikatoa kitambaa nikajipangusa macho na kupenga kwa nguvu. Wauza vitambaa, watu wa biashara, wakafahamu na wao wakapenga. Mgeni akaandika.

"Boss," fundi akaninong'oneza, "anauliza huyu bibi harusi mnamuonaje. Jibu poa, anaandika kila kitu."

"Mwambie ni mwanamke mwema. Anajua kupika."

"Kupika!" Sauti ya mama ikapenya mlango. "Wali kaunguza juzi, jana kaunguza tena. Mwambieni huyo mgeni ukweli!"

Mgeni akamuuliza fundi ile ni sauti ya nani. Fundi akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Akamwambia ni redio ya jirani. Mtu wa kanisa, lakini mshahara namlipa mimi.

Mwisho mgeni akauliza swali kubwa: sisi watazamaji wa Omani, zaidi ya hii, tungependa kampuni ituletee nini? Shemeji alikuwa anajikusanya kutoa hotuba, na hapo ndipo ndugu yangu wa Yiti alipozinduka.

"Samaki," akasema.

Alikuwa anauliza habari ya nguru wake, kama kapikwa. Lakini fundi alikwisha kutafsiri, na wauza vitambaa wakaitikia kuwa naam, samaki ni jambo zuri. Mgeni akaandika mpaka ukurasa ukamalizika. Mlangoni akaniinamia mara tatu, nami nikaona uwakala nimeutia mfukoni.

Haukupita muda mrefu, mama akanipigia dukani, jambo asilolifanya ila pana msiba.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Alikusudia yule bibi harusi wa achari: tamthilia imeondolewa katikati. Kampuni, kwa elimu yake yote na mashine zake zote, ilikwisha kupata jawabu: mtazamaji wa Omani ni mwanamme wa makamo, mpole, mwepesi wa machozi, na kinachomliza si bibi harusi, ni milima na mito. Mahali pa nyumba ya achari pakawekwa mzee mmoja anayekaa kando ya mto na mshipi. Mzee yule hasemi. Anatazama maji. Baada ya kitambo kirefu anavuta samaki mdogo, anamuinamia, anamrejesha majini. Mama alisema kuwa maisha yake yote hajaona dhambi kama ile, kumvua samaki na kumrejesha. Na mzee akimalizika zinakuja treni. Treni inakwenda, inafika, watu wanashuka kwa foleni, inaondoka.

Hiyo ilikuwa hasara ndogo. Kubwa ni kuwa mama na mke wangu hawakuwa tena na Mjapani wa kugombana kwake, wakarudi kugombana wenyewe, na maneno walikwisha kuyafanyia mazoezi.

"Kuna watu wanakabidhiwa nyumba nzima," mama anasema sahani ikiwekwa mbele yake, "wanakunja uso."

"Kuna watu hata 'ahsante' hawaijui," mke wangu anajibu, na mara hii hapana wa kumuangalia isipokuwa mama.

Majirani wakaacha kuja. Nikawa nakula dukani, shawarma, mimi mwenye nyumba yangu. Khalafu fundi akapokea ujumbe kuwa nyumba ya Ghubra imenyamaza, hakuna tena kinachotazamwa, na kampuni inafikiria kumpa uwakala mfanyabiashara wa Ruwi. Namjua mtu yule. Anauza pasi na vifeni.

Nikafikiri siku nzima, na mimi nikifikiri hutoka kitu. Nikamwambia fundi aandike hivi: mwenye duka anamkaribisha tena mgeni wake, na safari hii aje na mwenziwe mwanamke kutoka kazini, kwa sababu chakula kitakuwa kingi na nyumbani wanapenda kugawana.

"Niwaambie ukweli kidogo, boss?"

"Waambie chakula kitakuwa kingi. Ukweli atauona huyo mwanamke."

Wakaja. Mwanamke alikuwa kijana, miwani mikubwa, kompyuta kifuani kakumbatia kama mtoto. Mlango wa mbao ukafunguka kidogo, ukatoka mkono wa mke wangu wenye bangili, ukamvuta, mlango ukafungwa.

Mimi na mgeni tukabaki majlisini na buli la kahawa na sahani ya halwa. Fundi naye hakuwa na la kutafsiri. Ndani yakaanza maswali, khalafu wote wakawa wanasema pamoja, Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza cha binti yangu anayesoma chuo. Khalafu vicheko. Mgeni alikuwa anauangalia mlango ule kama mtu aliyechimba kisima uani kwake na maji yakatokea kwa jirani. Kila cheko likija, alitazama karatasi zake za safari ya kwanza, na mara moja nilimuona anazipindua kifudifudi.

Adhana ya magharibi ikatukuta hapo. Yule mwanamke alipotoka alikuwa kachorwa piko mkono wa kushoto, nguo zinanukia udi, macho mekundu, na kompyuta hakuwa nayo, ilibidi binti yangu amfuate nayo. Akasimama mbele ya mkubwa wake akasema Kijapani bila ya kupumua. Mgeni alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Mwisho akanigeukia, akamwambia fundi jambo, na fundi akakohoa kwanza.

"Boss, anasema anakushukuru sana kwa ukarimu. Anasema kampuni imeamua. Uwakala watapeana kwa hii nyumba."

"Alhamdulillahi."

"Kwa bibi yako, boss. Mke wako. Anasema wateja wote wako huko ndani, na wewe huko huingii."

Waliosoma wangesema nimeshindwa. Mimi nasema uwakala uko nyumbani kwangu, na aliyeutia ndani ya nyumba ni nani? Shemeji aliposikia alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Mwacheni acheke, pensheni inamtosha.

Siku ya kutia saini mama alitaka kwanza sharti moja liingizwe kwenye mkataba, kuwa tamthilia irudishwe na mwisho wake bibi harusi amuombe radhi mama mkwe. Mke wangu akasema litiwe na la pili, kuwa mama mkwe ataje, hata mara moja, kuwa achari ni nzuri. Yule mwanamke wa miwani akatabasamu, hakuahidi upande wowote. Nadhani atafika mbali katika biashara. Tamthilia ikarudi, na mama na mke wangu wakarudi kusikilizana.

Sasa mke wangu anauza kwa simu, kwa makundi ya wanawake, kutoka Ghubra mpaka Yiti, na kila asubuhi ananipa majina ya nyumba za kufungia visanduku.

"Lakini umalize kabla ya alasiri, bwana," aliniambia siku ya kwanza. "Baada ya hapo wenyewe wanatazama, hawataki mwanamme ndani."

Nikatoka na majina yangu. Fundi alikuwa ananingoja kwenye gari, injini inanguruma, kajizuia kucheka mpaka shingo imevimba.

"Sasa boss," akauliza, "kuanzia leo, boss tunamuita nani?"

Nikamwambia apakie ngazi.