Hadubini Iliyopanda Kirua

Mwaka nilioanza kujifunza kazi ya maabara mjini Moshi, umeme ulikuwa wa mgao, na mimi nilikuwa na kiburi cha msichana aliyegundua jambo ambalo wenzake hawalijui. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba dunia imejaa viumbe visivyoonekana. Nikipita sokoni nilishangaa watu wanabishana bei ya nyanya kama hakuna kilichotokea. Nilitamani kumshika kila mtu mkono nimwambie, na wengine niliwashika kweli.

Umeme ukikatika, hadubini mpya zilizimika zote. Hapo mzee aliyetufundisha alifungua kabati na kutoa ya kwake, ya shaba, nzito kama jiwe la kusagia, yenye kioo cha duara chini yake. Aliiweka dirishani, akageuza kioo mpaka jua likapanda ndani ya bomba, na kazi ikaendelea. Huku tukisubiri mawingu yapite alitupigia hadithi. Kulikuwa na mwuza vitambaa wa Uholanzi, alisema, aliyesugua lenzi zake mwenyewe ili akague nyuzi, halafu siku moja akakwangua meno yake na kukuta mdomoni mwake kuna wakazi wengi kuliko mji wake. Kulikuwa na daktari wa jeshi kule India aliyepasua mbu katika joto la ajabu bila kupepewa, kwa kuwa upepo ungempeperushia mbu wake, mpaka akaona malaria imejificha tumboni mwao. Na kulikuwa na daktari wa kijijini Ujerumani aliyezawadiwa hadubini na mkewe. Huyo alipaka rangi makohozi ya wagonjwa, akamwona mdudu wa kifua kikuu, wakati wengi wakisema ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo.

Hadithi hiyo ya tatu niliisikiliza nikiwa nimekaa wima. Baba yangu, kule Kirua Vunjo, alikuwa anakohoa tangu msimu wa kuchuma kahawa. Alikuwa ametoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari, kisha tundu la pili. Nilipomwambia kifua kina mdudu aliyekwisha kuonekana, aje apimwe, alinitazama kama nimemtukana. "Babu yako alikohoa, na mdogo wake alikohoa," alisema. "Ni kifua chetu. Unataka nikateme kwenye kopo, halafu mtoto niliyembeba mgongoni ayachungulie makohozi yangu?" Miaka ile pia mtu akikonda watu walinong'ona ugonjwa mwingine, ule ambao hakuna aliyeutaja kwa jina lake. Baba aliogopa minong'ono kuliko kufa. Mimi niliogopa kufa kwake, na niliogopa sana.

Basi nikapata wazo, na kama mawazo yangu mengi ya wakati ule, lilikuwa zuri mpaka nilipolitekeleza. Krismasi ilipokaribia nilimwomba mzee wa maabara aniazime hadubini ya shaba nikamwonyeshe baba. "Ikirudi na mkwaruzo," alisema, "na wewe rudi kwenu ukachume kahawa." Niliifunga kwa kanga mbili, nikaipakata njia nzima, na kila aliyeniuliza nimebeba nini nilimjibu kwa urefu zaidi ya alivyotaka.

Krismasi kwetu kila mtu hupanda nyumbani, hata aliyesahau njia. Siku ya pili yake ukoo ulikuwa umejaa kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, nyama inachemka, na bibi, mama yake baba, ametoa mbege yake ya ndizi na ulezi ambayo watu waliisifia mpaka ng'ambo ya mto. Niliweka hadubini juu ya kinu kilichopinduliwa, penye jua. Nilianza na maji ya mfereji, kama nilivyopanga. Watu wakapanga mstari, wakacheka, wakasukumana. Baba alikaa mbali, lakini niliona anatazama, na moyo wangu ukaruka kama ndama.

Hapo ndipo baba mkubwa, kaka yake baba, alipoinua kata yake akauliza, "Na humu je?"

Mtu mwenye akili angesema jua limepungua. Mimi nilichovya kijiti kwenye mbege, nikadondosha tone, nikasawazisha, na nilipoona zile punje za mviringo za hamira zimejaa tele, nyingine zimebeba watoto ubavuni, na katikati yake vijiti vidogo vinachezacheza, nilipiga makofi. Kweli, nilipiga makofi mbele ya wakwe wa kaka yangu.

Baba mkubwa alichungulia. Alikaa hapo muda wa kusali Baba Yetu nzima.

"Wanatikisika," alisema, na akaweka kata chini.

Shangazi akachungulia, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Mkwe mmoja akachungulia, akaenda nyuma ya migomba, na sote tulimsikia. Katika muda mfupi kata zote zilikuwa chini, pipa zima la mbege limesimama peke yake kama msiba, na wageni wanazungumzia mvua. Ukoo wetu umewahi kupatwa na mengi, lakini haujawahi kupatwa na mbege iliyobaki. Baba alisimama. Alitaka kusema, kikohozi kikamwahi.

Bibi ndiye aliyetuokoa. Aliomba kiti, akafumba jicho lisilotakiwa, nikamsaidia kubadilisha, kisha akatulia.

"Ndio hawa," alisema. "Siku zote nilijua kuna wanaofanya kazi humu. Ninyi mlidhani mbege inachemka bila moto yenyewe tu? Chungu nikikisugua sana inakataa, nikiacha machicha kidogo inaumuka. Nimewalisha hawa tangu nilipoolewa, leo ndiyo tumeonana."

Kwetu mwenye pombe huionja kwanza mbele ya wageni, wajue haina neno. Bibi alikuwa ameshaonja asubuhi, lakini alijaza kata upya na kuinywa yote taratibu, bila kushusha. Kisha akampa baba mkubwa. Baba mkubwa alilitazama pipa, akaitazama hadubini, akasema kama wanafanya kazi hivyo si adabu kuwadharau. Jua lilipoelekea magharibi pipa lilikuwa tupu, na shangazi alikuwa anaimba. Yule mkwe aliyekwenda migombani alinywa kuliko wote.

Baba hakunywa. Alinifuata nikiifunga hadubini. "Umeniaibisha kwa wageni wangu, na kwa pombe ya mama yangu," alisema. "Chombo hicho kisirudi hapa."

Usiku ule nililia, nisiseme uongo. Asubuhi bibi alinitoa nje, akanionyesha mpaka wa kihamba panapoota isale. Asiyekulia kwetu labda hajui: jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, halikataliwi, hata kama kosa ni la damu. Nilikata moja, nikalifunga, nikampelekea baba kwa mikono miwili. Alilipokea. Alisema amesamehe, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Kuna lingine, baba. Kopo."

"Isale ni la kuomba msamaha," alisema. "Si la kuomba makohozi."

Lakini hakuondoka. Aliniuliza yule mtu wa kwanza kuona mdudu wa kifua alikuwa nani. Nikamweleza habari za daktari wa kijijini na zawadi ya mkewe, na kwamba tangu siku ile haikuwa lazima tena kusema ni ukoo. Alisikiliza akikwangua matope kwenye buti.

"Na aliyemwona, alimwua?"

"Hapana. Dawa zilikuja baadaye sana. Ila bila kumwona wangetafuta dawa ya nini?"

Nilimwachia kopo lenye kifuniko, nikashuka Moshi na hadubini bila mkwaruzo. Wiki mbili baadaye nilisikia kwamba bibi ametia ugoro ndani ya kopo, kwa kuwa linafunga vizuri. Nilikata tamaa.

Mwishoni mwa Januari, umeme ukiwa umekatika tena, niliitwa kwenye dirisha la kupokelea vipimo. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na kopo langu, limeoshwa, ingawa bado lilinukia ugoro, na makohozi ndani yake, limeviringishwa jani la mgomba, na juu yake limefungwa isale lenye fundo. Nilitoka nje mbio. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, amevaa koti la kanisani, anatazama ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nenda kafanye kazi yako."

Sijawahi kusikia, kabla wala baada ya hapo, mzazi kumpelekea mtoto wake isale. Nililitia mfukoni mwa koti jeupe. Nikapaka makohozi kwenye slaidi, nikaipitisha kwenye moto, nikatia rangi nyekundu, nikasafisha, nikatia ya bluu. Mzee wa maabara aliniachia kiti cha dirishani bila kuuliza. Niligeuza kioo mpaka jua likaingia.

Walikuwepo. Vijiti vyembamba vyekundu, viwili, kisha kundi zima, kwenye bluu safi kama anga la Januari. Nilianza kucheka. Mzee alinitazama kwa mshangao, akainama akachungulia, akaniuliza huyu ni nani, na nikamwambia ni baba yangu, huku nacheka na machozi yanashuka. Hakikuwa kifua chetu. Hakikuwa cha babu wala cha ukoo. Kilikuwa cha wadudu wale, na vidonge vya kuwaua vilikuwa mlango wa tatu kushoto.

Niliandika jibu, nikatoka nalo kwenye korido. Baba aliponiona nacheka alisimama.

"Hawapo?" aliuliza.

"Wapo, baba," nikasema. "Nimewaona."