Winga Niliyemchagua Bila Kumuuliza Jina

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ile Mwingereza bado yuko na sisi tunachimba dhahabu yake kule Geita, tulikaa watu watatu nyuma ya stoo ya mgodi tukabishana mpaka mate yakatukauka. Jambo lenyewe lilikuwa mpira. Nakusikia wewe na wenzako kila jioni mkipigizana kelele nani asajiliwe na nani aachwe, na mnadhani ubishi huo mmeuanza nyinyi. Thubutu! Sisi tulibishana kabla baba zenu hawajaota meno.

Timu yetu ya mgodi ilikuwa haina winga. Aliyekuwapo alikuwa ameacha kazi, amerudi kwao Kahama kulima, na baada ya mavuno tulikuwa na mechi na vijana wa kiwanda cha pamba, watu waliotufunga mwaka uliotangulia wakatutungia nyimbo, nyimbo zenyewe tamu, mpaka wake zetu wakawa wanaziimba wakitwanga. Bwana mkubwa wa mgodi akatupa nafasi moja, moja tu, katika karakana ya useremala. Tumtafute mchezaji, apewe kazi hiyo, na atuchezee. Siku hizo hukuajiriwa kwa mpira, uliajiriwa kwa kazi, mpira ukafuata nyuma. Na wachezaji wazuri tulijua walipo. Upande wa Tinde kulikuwa na chuo cha walimu, na vijana wake walicheza mpira ambao watu waliacha kunywesha ng'ombe wakaenda kuutazama.

Basi tuliokaa kuchagua ni hawa. Mzee Lushinge, nyapara wa shimoni, Msukuma wa Kharumwa, mtu wa maneno machache. Salehe, fundi cherehani kutoka Ujiji, aliyewahi kuwa golikipa na hakukuruhusu usahau. Na mimi, Mabula, karani wa stoo, miaka ishirini na mitatu, kalamu sikioni, mdomo hauna breki.

Salehe alimtaka kijana mmoja mrefu; habari zake alizisikia kwa madereva wa malori. Wallahi, alisema, mpira wa juu wote utakuwa wetu. Mzee Lushinge alimtaka mwingine, mfupi, alikuwa amemwona mara moja tu, na sababu yake ilinishangaza hata nikaichekea. Alisema, "Yule akiangushwa anainuka bila kumtazama refa." Nilimuuliza hiyo nayo ni sifa ya mpira? Akaendelea kutafuna karanga zake. Leo ningempa shilingi zangu zote aniambie mengine aliyokuwa akiyaona.

Lakini mimi nilikuwa na wangu, na wangu nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekwenda Tinde kumtazama shangazi aliyekuwa mgonjwa, nikakuta chuo kinacheza na vijana wa Shinyanga mjini. Nilisimama mbali, nyuma ya goli, jua limenikaa usoni na vumbi limetanda. Humo uwanjani alikuwamo kijana mmoja, jezi yake ina kiraka chekundu begani. Kipindi cha kwanza alikimbia na mpira kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Wakati wa mapumziko njaa ilinishika, nikaenda kutafuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa akina mama waliokuwa wakiuza kando ya barabara, nikapiga soga, nikarudi mchezo umeshaanza. Kipindi cha pili kiraka chekundu kilifunga mabao mawili, yote kwa mguu wa kushoto, na golikipa hakujua yamepita wapi. Mtu mmoja ana mbio na ana shuti la kushoto! Nilimsimulia Salehe mpaka akaacha cherehani.

Mzee Lushinge akauliza, "Anaitwa nani?"

Nikajibu, "Mzee, jina la nini? Tunataka miguu."

Jumapili ile na mbili zilizofuata tulibishana. Mimi nilikuwa na maneno zaidi, nikashinda. Nikaandika barua kwa mkuu wa chuo, kwa mwandiko wangu wa madaha, nikasema tunamtaka kijana aliyevaa jezi yenye kiraka chekundu begani siku ya mechi ile. Mwanangu, ukiyatazama maneno hayo utaona ujinga wake mara moja. Mimi sikuuona. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilipenda sana kujua mambo ya watu, ila nilipenda kuyajua kwa kukisia.

Kijana akaja. Alishuka kwenye lori na sanduku lake la mbao, amevaa kaptura ya chuo iliyopigwa pasi, akaniambia shikamoo bwana karani, naitwa Masanja. Alikuwa ameacha masomo mwaka wa mwisho, na mkuu wa chuo alikuwa amemwambia wazi kwamba akitoka, kitanda chake anapewa mwingine. Lakini alikuwa anacheka peke yake, anageuza shingo huku na huku, anauliza uwanja uko wapi, tunacheza na nani, nani beki wa upande wake. Nilimpenda papo hapo.

Mazoezi ya kwanza alikimbia vizuri. Nikapaza sauti kutoka pembeni, "Sasa piga kushoto, kama siku ile!" Nikaona amesimama kidogo, amenitazama. Akapiga kushoto. Mpira ukaenda ukalala kwenye majani kama kuku mgonjwa. Salehe akacheka mpaka akajishika mbavu. Mazoezi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, wachezaji wenyewe wakaanza kunong'onezana.

Siku iliyofuata Masanja alinijia stoo, tukiwa wawili tu. Akaniambia kwa adabu kwamba chuoni jezi zilikuwa kumi na moja na wao walikuwa kumi na watano, hivyo siku za mechi za kirafiki mwalimu aliwapokezanisha, wengine kipindi cha kwanza, wengine cha pili. Yeye alicheza cha kwanza. Wakati wa mapumziko alivua jezi akampa mwenzake, Ndaki. Mabao yale yalikuwa ya Ndaki.

Nilihisi masikio yanawaka moto. Mbele ya wanaume wa mgodi mzima nilikuwa nimeapa kwamba nimemwona mtu huyu, na kumbe nilikuwa nimewashona watu wawili nikawafanya mmoja, kwa sababu ya michembe! Nikamwambia, "Masanja, wewe nyamaza kwanza. Nitasema mwenyewe." Akasema sawa, bwana karani. Akaniamini.

Jumapili ikafika. Salehe akasema huyu kijana ametudanganya, au amerogwa, au ni mvivu, vyovyote vile arudi alikotoka, nafasi apewe yule mrefu. Masanja alikuwa ameitwa, amesimama mbele yetu, mikono nyuma. Akanitazama. Nikatazama ardhi. Akaulizwa ana la kusema, akasema, "Labda siku ile nilikuwa na bahati." Ikapitishwa kwamba ataondoka Jumatano na lori la Kharumwa. Nami, mwanangu, sikufungua mdomo. Mdomo ule ule ambao haukuwa na breki. Naona haya kukusimulia, lakini nasimulia, maana mficha uchi hazai.

Kesho yake asubuhi Mzee Lushinge alinisimamisha njiani kabla hajateremka shimoni, na taa yake mkononi. Hakunisalimu. Kwa Msukuma wa umri ule kutokukusalimu ni kofi tayari.

"Mabula," alisema, "ng'ombe akinunuliwa Tinde hafiki Geita na madoa mengine. Ukiona madoa yamebadilika, ujue si ng'ombe yule. Yule kijana nimemuuliza mara mbili, hasemi. Yuko mtu anayemfichia siri. Mtoto wa watu amekula aibu yako, ameshiba, na wewe unamtazama anavyotafuna." Akashika njia. Kisha akageuka. "Nawe huna haja ya kuniambia mimi. Mimi sikumwita mwongo."

Nilibaki nimesimama pale, watu wananipita. Nilitaka ardhi inimeze, na mgodini ardhi imejaa mashimo, lakini hakuna lililonitaka.

Nikaenda karakana. Masanja alikuwa anapanga vitu vyake kwenye sanduku, daftari chini, shati juu. Nikakaa kwenye gogo. Kwa mara ya kwanza nikamuuliza mambo ambayo mtu humuuliza mgeni hata kabla ya maji: kwenu ni wapi, baba yupo, mmezaliwa wangapi. Kwao kulikuwa Ibadakuli. Baba hayupo, mama anamlea yeye na wadogo zake wanne, na ndugu wa baba waliuza ng'ombe wawili aende chuo. Nikamuuliza basi kwa nini aliacha, ilhali alijua fika kwamba hatarudishwa.

Alikunja shati upya. Akasema, "Kule chuoni wote walimtazama Ndaki. Barua ilipokuja imeandikwa kiraka chekundu, mwalimu alisema labda ni Ndaki. Ndaki mwenyewe ndiye aliyesema hapana, kiraka kilianza kwa Masanja, ni Masanja. Nilifurahi, bwana karani. Nilijua kuna mtu ameniona."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mke, na bado nakuambia maneno yale yaliniingia. Nililia, mbele ya kijana niliyemzidi miaka minne. Yeye ndiye aliyeniambia basi, basi, yamekwisha.

Jioni ile, wachezaji wakiwa wamekusanyika uwanjani na watu wamezunguka, niliingia katikati. Niliona ni hapo, maana ni hapo nilipojisifu. Nikasema yote: jua, vumbi, michembe, jezi, Ndaki, na jinsi nilivyomwambia kijana anyamaze kisha nikamwacha peke yake. Walinizomea, tena sana. Mtu mmoja akapiga kelele, "Karani, leta michembe tule!" na jina hilo la Michembe nililivaa mpaka mgodi ulipofungwa. Salehe hakucheka. Alikuwa amekunja uso, akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake.

"Mimi mpira wa huyu kijana sijauona," alisema. "Mazoezi yote matatu nilikuwa namtafuta yule mwingine ndani yake. Apewe majuma mawili, nimtazame yeye."

Mzee Lushinge akatikisa kichwa kukubali, na lori la Jumatano likaondoka bila Masanja.

Ungependa nikuambie aligeuka nyota. Hakugeuka. Alikuwa winga wa mbio, mwenye mguu mmoja wa kulia na mapafu ya punda, na kushoto hakupiga mpaka anazeeka. Kiwanda cha pamba tulitoka nao sare, na hiyo ilitosha kuzima nyimbo. Lakini alikaa. Alijifunza useremala, aliwasomesha wadogo zake wanne wote, na mmoja wao alikwenda chuo kile kile alichokiacha yeye akamaliza. Na Ndaki je? Nilimwandikia baadaye, safari hii kwa jina lake, nikamuuliza kama angependa kuja mgodini. Alijibu kwa mistari miwili. Wabeja, alisema, yaani asante, ila yeye anataka kufundisha hesabu, mpira anacheza tu. Jumapili tatu tulimgombania mtu ambaye hata hakututaka!

Basi mwanangu, sikukatazi kubishana. Bishaneni, ni raha, na anayetaka kujua mambo ya watu hana dhambi. Ninachokuusia ni kwamba udadisi wa mbali ni umbea, hata ukivaa miwani. Ukitaka kumjua mtu, msogelee. Vumilia njaa, acha jua likupige upande mwingine, muulize jina, muulize kwao, kisha muulize yeye mwenyewe anataka nini, maana watu wengi sana wamechaguliwa na wengi wameachwa bila swali hilo kuulizwa na yeyote. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, mimi sina mtoto malaika, usisahihishe kosa kwa kunong'ona. Nenda ukasimame pale pale uliposimama ukijisifu, useme. Watakucheka, na jina watakupa. Jina halikuui. Mimi nimelibeba hili miaka yote hii na bado nakula michembe.

Mungu akulinde katika kazi yako, akupe riziki isiyo na jasho la mwenzako ndani yake, akupe wazee wa kukukemea wakati bado unaweza kurekebisha. Akupe subira ya kumtazama mtu mpaka umwone. Na siku utakapokuwa wewe umesimama na sanduku lako mbele ya watu usiowajua, mwanangu, akujalie uonwe wewe.