Pa Kujenga Nitajionyesha Mwenyewe

Nakumbuka siku moja ya soko pale Ogwedhi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, siku niliyoharibu jambo nililolitamani kuliko yote. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na nia yangu ilikuwa moja tu: kutoka katika boma la baba yangu na kuwa na boma langu. Usicheke, mwanangu. Kwetu sisi, mwanamume asiye na boma ni mgeni hata kwenye mazishi yake.

Lakini boma halijengwi kwa kukurupuka. Kaka mkubwa hutangulia, mdogo hufuata. Na siku ikifika, baba ndiye anayekuongoza alfajiri, wewe na mkeo mkiwa nyuma yake na jogoo na moto, naye anakuonyesha pa kusimamisha nyumba. Kaka yangu Ochieng' alikuwa Sindo akivua samaki, wala hakuwa na haraka ya kujenga. Nikamngoja mwaka mmoja, nikamngoja wa pili.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka fahali sokoni. Mtu mmoja niliyesoma naye akaniuliza mbele ya watu, "We bado unakaa kwa mzee? Kumbe jogoo yako inawika kwa boma ya wenyewe!" Wakacheka. Badala ya kucheka nao yakaisha, niliyabeba yale maneno njia nzima.

Nilipofika nyumbani nikamwambia baba nahama. Alikuwa ameketi akichonga mpini wa jembe. Akasema, "Wuoda, mwanangu, pole pole. Ochieng' ametuma neno. Mavuno ikiisha anakuja kujenga, halafu ni wewe. Hiyo hasira yako iko na miguu, lakini haina macho."

Mavuno yalibakiza miezi miwili. Miwili tu! Lau ningekaa chini nikafikiri, ningeona kwamba nimeshafika. Lakini hasira zikipanda, akili hushuka. Nikamjibu baba yangu mzazi, "Macho ninayo. Pa kujenga nitajionyesha mwenyewe."

Nikapanda juu ya kibanda changu pale bomani kwa baba nikang'oa nyasi za paa, kuonyesha kwamba sirudi, mke wangu akilia chini na mtoto mgongoni. Baba hakunizuia. Tukaenda kupanga chumba Ogwedhi.

Ochieng' alikuja kama alivyosema, akajenga. Baba akanitumia mtu kuniambia nirudi, zamu yangu imefika. Mwanangu, nilifurahi, nakwambia kweli. Hata hivyo nikamjibu yule mjumbe, "Mzee akinitaka, akuje mwenyewe." Nilijua ana magoti mabovu. Nilitaka anibembeleze. Hasira ilikuwa imeshaondoka, kiburi kikakaa mahali pake.

Hakuja. Wiki ya tatu alikuja Ochieng', kofia mkononi, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

Matanga ya baba yalipokwisha na muda wake kupita, baba mdogo ndiye aliyeniongoza alfajiri ile. Ni mtu mwema, alifanya kila kitu sawasawa. Boma nikapata, na ndilo hili tulimoketi. Lakini ile siku niliyoitamani tangu utotoni niliitembea nyuma ya mgongo usio wa baba yangu, nikilia mpaka mke wangu akaona aibu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezeeka pamoja nami.

Sikwambii usikasirike. Hata hamu ya kuwa na boma ilitoka moyoni, na bila moyo nisingengoja hata mwaka mmoja. Moyo ndio unaokwambia unataka nini. Njia ya kufika, iulize akili. Ukichekwa sokoni, usiamue kitu siku hiyo. Kula, lala, kisha jiulize: hili ninalotaka kufanya linanisogeza kwenye nia yangu, au ni la kumkomoa mtu tu? Na ukiitwa urudi, rudi siku hiyo hiyo, hata kama shingo inauma kuinama. Hasira hasara, wanasema watu, nami ujanani niliona ni maneno ya kutishia watoto.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe unakotaka kwenda, na wale unaowapenda wawe wangali hai kukuona ukifika.