Zuhura Ameanza Kutembea

Jirani yangu hapa Tangini anajenga, na tangu asubuhi fundi anagonga mawe. Kila nyundo ikitua narudi Kisarawe, kwenye machimbo ya kokoto nyuma ya Vihingo, ambako vumbi lilitukaa kwenye nyusi, kwenye uji, hadi kwenye msahafu wa bibi. Baba alikuwa mpasua mawe kabla hajaingia jeshini. Nikiwa darasa la nne, kikosi chao kilipelekwa Kongo kulinda amani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nyundo yake akaishika mama.

Baba alikuwa akipiga simu kila Jumapili asubuhi. Tulikuwa tukipanda juu ya lundo la kokoto kuipokea, maana mtandao wa kwetu ulikuwa na maringo kuliko bi harusi.

Mdogo wangu Zuhura alikufa kwa homa siku ya Alhamisi, akiwa na miezi kumi. Jumapili simu ikaita, mama akaweka spika.

"Habari za huko?"

"Nzuri."

Sikushangaa. Kwetu hata maiti akiwa ndani, kwanza ni nzuri, ndipo msiba hutajwa. Nikasubiri.

"Zuhura hajambo?"

"Hajambo. Ameanza kutembea."

Akanipa simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mdogo wako anakusumbua?"

Mama alinitazama, macho mekundu.

"Ndiyo," nikasema. "Anachana madaftari yangu."

Baba alicheka sana. Nilimchukia mama siku ile, nikajichukia na mimi.

Bibi hakumwacha. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mwenzio."

"Nitamwambia akirudi, mama." Akaendelea kugonga. Na kila Jumapili Zuhura alikua: akaota meno, akajua kuita baba.

Baba aliletwa kwenye jeneza. Baada ya maziko askari mwenzake alikaa nasi mkekani. "Shemeji, marehemu alituchosha na huyo binti anayetembea. Yuko wapi nimwone?"

"Yuko na baba yake," mama akasema.

Miaka mingi niliamini mama alificha ili asimvunje moyo mtu aliye vitani. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu ya pili niliielewa nilipozaa: alihitaji mtu mmoja duniani ambaye kwake Zuhura bado alikuwa hai. Sasa mtu huyo naye hakuwepo tena. Askari alipoondoka, mama alilia kwa sauti iliyofika machimboni. Wanawake walimshika wakimpa pole ya mume, lakini mimi niliyekuwa kifuani pake nilisikia jina alilokuwa akiliita.