Tende ya Mpiga Saksafoni

Juzi, katika duka moja la Ukunda, santuri ya jazi ilikuwa ikicheza, nikamsikia mpiga saksafoni akivuta pumzi. Mara nikanusa viazi vya nazi vya bibi, nyumbani Msambweni, jioni ya Ramadhani ya utotoni.

Babu alikuwa akiisikiliza santuri yake aipendayo kwa sauti ya chini, akingoja kufuturu. Mimi niliamini yule mpigaji yumo ndani ya gramafoni, amefunga kama sisi, na bado anapulizishwa. Adhana ilipoanza, nikamwekea tende.

“Ya nani hiyo, mjukuu wangu?”

“Ya huyu, babu. Humsikii anavyohema?”

Babu hakucheka. Aliinua sindano ya gramafoni kwanza, ndipo akala tende yake.

Juzi adhana ilipoanza pale dukani, muuzaji alishangaa kuona mkono wangu umeshaiinua sindano.